Magitaa kwa Mabinti wa Mara: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama

Waheshimiwa Madiwani wa Manispaa ya Musoma, wa Mji wa Bunda, na wa Halmashauri za Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama,

Naomba ruhusa kuleta mbele yenu hoja ambayo, kwa kadiri ya habari zilizopata kunifikia, haijawahi kuwekwa katika ajenda ya kikao chenu chochote, kwa kuwa si hoja ya maji, wala ya zahanati, wala ya madawati, wala ya bei ya pamba na dagaa. Nayo ni hoja ya magitaa. Nasema magitaa kwa maana yake dhahiri, yaani gitaa la solo, la rithimu na la besi, pamoja na kinanda, dramu, maiki na spika zake. Na ombi langu ni kwamba vyombo hivyo vitiwe mikononi mwa wasichana na wanawake wa Mara, wavipige wao wenyewe, badala ya kuendelea kusimama mbele ya vyombo vinavyopigwa na kaka zao.

Sitaki kuficha kwamba anayewaandikia ni ashiki. Tangu ujana wangu nimependa muziki wa gitaa la umeme, na katika muziki huo nimependa kupita yote bendi za wanawake: zile za wanawake watupu, kuanzia aliyeshika vijiti vya dramu hata aliyeshika maiki, na zile ambazo wapigaji ni wanaume lakini mwanamke ndiye aliyesimama mbele yao. Watu wengi huzichanganya aina hizi mbili, na katika mazungumzo ya barazani mchanganyiko huo hauna madhara. Lakini katika hoja yangu tofauti yake ni kubwa, maana aina ya pili tunayo tangu zamani wala hatuhitaji kufundishwa na mtu, ilhali aina ya kwanza imekuwa adimu kwetu hata mtu aweza kuzihesabu bendi zake kwa vidole na vidole visimalizike.

Mtazameni Siti binti Saad. Mwanamke huyu, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja na akauza vyungu kabla ya kujulikana kwa sauti yake, alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay pamoja na wapigaji wake, wote wanaume, akatiwa katika santuri zilizoenea pwani nzima na kupenya bara. Na Shaaban Robert, ambaye kalamu yake haikuwa ya kumsifu kila mpita njia, alimwandikia wasifu. Ile ilikuwa bendi yenye mwanamke mbele, miaka mingi kabla rock haijazaliwa. Baada yake warithi hawakukosekana: Bi Kidude aliyeimba hata uzee ukamstahi, Shakila, Khadija Kopa, Kida Waziri aliyetia sauti yake katika Vijana Jazz, Lady Jaydee na Machozi Band yake, Saida Karoli aliyetoka ng'ambo ya ziwa letu, na Luiza Mbutu aliyesimama mbele ya Twanga Pepeta, bendi ambayo hata mkurugenzi wake, Asha Baraka, alikuwa mwanamke. Wote hao nawapenda. Lakini ukiwatazama kwa insafu utaona kwamba nyuma yao, penye nyuzi na vitufe, aghalabu wamesimama wanaume. Na ndiyo sababu Carola Kinasha, ambaye huimba gitaa likiwa mikononi mwake mwenyewe, ana daraja ya peke yake katika moyo wangu.

Wanaodhani kwamba rock ni muziki wa wanaume wenye nywele ndefu, uliobuniwa Ulaya ili kuwasumbua wazazi, hawajasikia habari za Sister Rosetta Tharpe. Alizaliwa mwaka 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, mama yake akiwa mwimbaji na mhubiri wa kanisa. Akakua akipiga gitaa mbele ya waumini tangu utoto. Na alipofika utu uzima akalitia gitaa lake umeme na kuziimba nyimbo za Mungu kwa mahadhi ambayo baadaye wanaume, Elvis Presley na Chuck Berry wakiwa miongoni mwao, waliyafuata na kupata kwayo mali na jina. Mama huyu mweusi alifariki mwaka 1973, na heshima ya kutajwa miongoni mwa waasisi wa muziki aliousaidia kuzaliwa haikumfikia rasmi mpaka mwaka 2018. Namtaja mapema kwa sababu alitoka kanisani, na kanisani nitarudi. Ama wale wanaopenda kusema kwamba rock haituhusu, nawakumbusha kwamba Freddie Mercury, ambaye wengi humhesabu kuwa mwimbaji wake mkubwa kupita wote, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Ila, kwa kuwa hakuwa mwanamke, sitamtumia zaidi ya hapo.

Katika bendi za wanawake watupu za huko Marekani, mimi huiweka Fanny juu ya zote. Dada wawili, June na Jean Millington, waliozaliwa Manila na kuhamia California wakiwa wasichana, walianza na vigitaa vidogo vya nyuzi nne, kisha June akashika gitaa la umeme na Jean besi, wakajikusanyia wenzao, na mwaka 1970 wakatoa santuri ndefu kwa kampuni ya Reprise, jambo ambalo bendi za rock za wanawake zilikuwa bado hazijalizoea. Walikuja wengine baada yao waliopata jina kubwa zaidi: The Runaways mwaka 1975, kisha The Go-Go's, ambao mwaka 1982 santuri yao ilikamata nafasi ya kwanza Marekani nzima, hali nyimbo ni zao na vyombo wamepiga wao. Sina ugomvi nao. Lakini nikisikia besi ya Jean Millington, inayokwenda kwa utulivu wa mtu asiye na haja ya kumthibitishia mtu kitu, huwa sitaki nyingine.

Hata hivyo, kama ningepewa kuchagua bendi moja tu ya wanawake duniani ya kuwapigia ninyi waheshimiwa, nisingechukua ya Marekani. Ningechukua Les Amazones de Guinée. Nchi ya Guinea ilipopata uhuru wake mwaka 1958 chini ya Sékou Touré, serikali yake ilikata shauri kwamba utamaduni ni kazi ya dola kama ilivyo kazi ya dola kulinda mipaka, ikaanzisha bendi katika kila mkoa, ikazilipa, ikazipa vyombo; na mwaka 1961 likatokea jambo ambalo hata leo, ukilisimulia, msikilizaji hudhani ni mzaha: askari wa kike wa jeshi la gendarmerie, pale Conakry, walifundishwa muziki na kuundiwa bendi yao. Wanawake wale, ambao kazi yao ilikuwa ya askari na mshahara wao wa askari, walishika magitaa ya umeme, saksafoni na dramu. Wakapanda jukwaani kwa nidhamu ya gwaride. Wakapiga dansi la Kiafrika kwa ufasaha ambao bendi nyingi za wanaume za zama zile zisingeweza kuusogelea. Mwaka 1977 walikuwako Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, na mwaka 1983 wakatoa santuri iliyorekodiwa Paris mbele ya hadhara. Mpiga solo katika santuri ile hupiga nyuzi kwa kasi na uwazi hata msikilizaji husahau kuuliza kama ni mwanamke au mwanamume, na kusahaulisha huko ndiko ninakokutafuta.

Nimesimama kwa Guinea muda mrefu kwa makusudi. Bendi ile haikutokana na muujiza, wala haikuanzishwa na wasichana matajiri waliojinunulia magitaa. Mamlaka ndiyo iliyoamua: ilitoa vyombo, ikatoa mwalimu, ikatoa muda wa mazoezi ndani ya saa za kazi, kisha ikangoja. Vitu vitatu na subira.

Wala sisi hatukuwa nyuma kiasi cha kuona haya. Katika miaka ya 1960, nchi ikiwa bado changa, Dar es Salaam ilipata bendi ya wanawake watupu, Women Jazz, iliyolelewa katika jumuiya ya vijana wa TANU, na akina mama wa Kitanzania wakasimama mbele ya hadhara na vyombo vyao katika zama ambazo katika miji mingi ya dunia jambo hilo lingehesabiwa kuwa kioja. Haikudumu, na baada yake bara ilinyamaza. Visiwani ndiko mambo yalikoendelea. Wanawake wa Unguja walikuwa na vyama vyao vya taarabu hata kabla ya Mapinduzi. Na katika miaka yetu hii Bi Maryam Hamdani ameasisi Tausi, kundi la taarabu ambalo si waimbaji tu bali na wapigaji wa udi, fidla na kanuni ni wanawake. Kisha zikafuata Uwaridi, bendi nyingine ya wanawake watupu, na Siti and the Band, ambayo mbele yake yuko mwanamke anayejipigia udi mwenyewe. Mtu aweza kuuliza: kwa nini Unguja, na si Musoma? Jawabu halimo katika damu wala katika hewa ya bahari. Tangu mwaka 2002 kipo katika Mji Mkongwe chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambamo binti huingia akiwa na mikono mitupu, akapewa chombo, akafundishwa kusoma noti na kupiga, na akatoka amekuwa mpigaji. Palipo na chombo na mwalimu, bendi ya wanawake huzuka; pasipo navyo, hubaki maneno ya majukwaani kila tarehe 8 Machi.

Sasa natazama kwetu. Piteni Jumapili yoyote asubuhi kutoka Nyasho hadi Makoko, au pale Bunda mjini chini ya mlima Balili, au Butiama na Kiabakari, mkasikilize makanisa yetu, ambayo ndiyo vyuo vya muziki vya mkoa huu, tupende tusipende. Mtawaona mabinti wa kwaya, safu tatu au nne, sare zimenyooshwa, sauti zimepangwa ya kwanza hadi ya nne bila ya mtu kuwa na karatasi mkononi. Na pembeni, penye nyaya na mikisa, mtawaona vijana wanne wa kiume: wa solo, wa besi, wa kinanda na wa dramu. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayomkataza binti yule wa safu ya mbele kwenda pembeni na kushika besi, na hakuna mchungaji niliyepata kumsikia akilikataza jambo hilo mimbarini. Ila ibada ikiisha, vyombo hufungiwa, na baina ya Jumapili na Jumapili mwenye nafasi ya kuja kujaribu vidole ni kijana wa kiume, kwa maana binti yuko kisimani, au jikoni, au Mwigobero akimsaidia mama yake kuuza dagaa. Hivyo ndivyo mpigaji anavyopatikana na ndivyo anavyokosekana. Ni jambo la saa za jioni, waheshimiwa, kuliko la kipaji.

Kuna watakaosema kwamba nyuzi ni za wanaume kwa mila. Nakubali kwamba desturi iko. Ritungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na mngurumo ambao mtu akiusikia mara ya kwanza hutafuta spika ilipofichwa, limekaa mikononi mwa wanaume. Na nyatiti ya ndugu zetu Wajaluo wa Rorya na wa ng'ambo ya mpaka, nayo yenye nyuzi nane, ilikuwa mwiko kwa mwanamke. Lakini tazameni yaliyotukia. Akaja binti kutoka Japani, Eriko Mukoyama, akakaa Siaya, akamwomba mzee fundi amfundishe, akachota maji na kulima kama binti wa nyumba ile, mpaka akaruhusiwa. Na leo, kwa jina la Anyango, yeye ndiye aghalabu hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza mpiga nyatiti. Namheshimu kwa juhudi yake, na mzee wake namheshimu zaidi. Lakini hainiingii akilini kwamba mwiko ulioweza kulegezwa kwa mgeni aliyetoka upande wa pili wa dunia usiweze kulegezwa kwa binti wa Utegi au wa Shirati aliyezaliwa ndani ya sauti ile. Na Suzanna Owiyo, binti wa Kijaluo, ameipiga nyatiti mbele ya walimwengu na ziwa halikukauka.

Aidha mila za nchi hii hazisemi kwa kauli moja. Nendeni Dodoma mkawaone wanawake wa Kigogo wakipiga muheme: ngoma zimebanwa baina ya magoti, mikono inakwenda, sauti juu, na mwanamume, kama yupo, yuko pembeni. Huko ngoma kubwa ni za wanawake, na hakuna aliyedai kwamba kwa hayo Wagogo wamepotoka.

Hapa yanipasa kumkabili mtu ambaye hakuna hoja ya utamaduni inayoweza kupita Butiama bila ya kumwamkia. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba wengi wetu tulikuwa tumefunzwa kucheza rumba, chachacha, twist na rock 'n' roll, hali ni wachache walioweza kucheza, au hata waliopata kusikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lele mama. Maneno hayo yametumiwa mara nyingi, na si mara zote kwa haki: mwaka 1969, kwa mfano, wakubwa wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul kwa hoja za namna hiyo hiyo. Basi atasimama diwani, na atakuwa na haki ya kusimama, aseme: huyu anatuletea kile kile alichokikataa Mwalimu.

Jawabu langu ni hili. Mwalimu hakulalamika kwamba rock imejulikana. Alilalamika kwamba lele mama imesahaulika. Na lele mama, waheshimiwa, ni ngoma ya nani? Ni ya wanawake. Fauka ya hayo, chama kilichomfikisha Mwalimu katika Bunge lile kilijengwa kwa ngoma za wanawake: Bibi Titi Mohamed, alipoingia TANU, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na ilikuwa kwa njia ya vikundi vya namna hiyo, vyenye wanachama wake, michango yake na viongozi wake, kwamba maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam waliingia katika siasa kabla waume zao, waliokuwa wakiogopa kufukuzwa kazi, hawajathubutu. Wanawake wale walikwisha kujua kuendesha chama kwa sababu walikwisha kujua kuendesha ngoma. Na gitaa la umeme mikononi mwa Mtanzania halijapata kubaki geni kwa muda mrefu. Musoma yenyewe ilikuwa na Mara Jazz na mtindo wao wa Sensera. Na wanaoikumbuka watawaambieni kama ulikuwa muziki wa Liverpool au wa kwetu. Binti wa Kizanaki akipewa besi, hatapiga kitu cha California. Atapiga alichokisikia tumboni mwa mama yake, kwa sauti kubwa zaidi.

Iko hoja nyingine, isiyosemwa vikaoni bali hunong'onwa nje ya vikao, nayo ni kwamba bendi ni uhuni, na mwanamke wa bendi ni mwanamke aliyeharibika. Sitaidharau hoja hii, kwa maana ina ushahidi wake: kazi ya usiku, malipo yanayocheleweshwa, safari za ghafla, mwenye ukumbi anayedhani amenunua zaidi ya wimbo. Lakini asili ya maovu hayo ni nini? Katika dansi la nchi hii kanuni moja imetawala tangu zamani, nayo ni kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Yeye ndiye anayeajiri na kufukuza, ndiye anayepanga waende wapi na walale wapi, na mwimbaji, hata awe na sauti ya kuliza mawe, ni mtu wa kuazimwa, leo yupo na kesho yupo mwingine. Mwanamke anayeimba mbele ya vyombo vya mtu mwingine hana nguvu ya kukataa neno. Wanawake watano wenye vyombo vyao, kitabu chao cha hesabu na akaunti yao benki, hupiga harusi ya mchana, hupokea fedha yao kabla ya kufungua maboksi, na saa kumi na mbili jioni wako nyumbani. Na wakitaka kupiga usiku, watapiga kwa sharti lao.

Wala maadili ya dini hayawi kikwazo pale watu wanapoamua yasiwe kikwazo. Katika wilaya ya Garut, Java Magharibi, wasichana watatu wa Kiislamu, wakiwa wanafunzi wa shule ya dini, walielekezwa muziki na mwalimu wao mshauri na mwaka 2014 wakaunda bendi ya rock nzito kupita zote, Voice of Baceprot: gitaa, besi na dramu, na hijabu vichwani. Walilaumiwa, wakatishwa, hata jamaa zao wakawasihi waache. Hawakuacha, wala hijabu hawakuvua. Na mwaka 2024 walipanda jukwaa la Glastonbury huko Uingereza, bendi ya kwanza kutoka Indonesia kufika pale. Mji wao wala haukuwa mashuhuri kuliko Bunda. Walikuwa na mwalimu mmoja mwenye kuamini na chumba chenye vyombo.

Basi naomba nini hasa? Sheria imewatakeni mtenge asilimia 10 ya mapato yenu ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi, na kwa kadiri nionavyo vikundi vinavyofaulu ni vya kufuga kuku, kushona, kutengeneza sabuni, kukodisha viti na maturubai, na biashara ya samaki. Sina neno juu ya kuku. Lakini angalieni jambo hili: kikundi kinachokodisha viti na maturubai kwa harusi kinapewa mkopo bila ya swali, na katika harusi ile ile bendi hulipwa fedha nyingi kuliko viti. Kwa nini basi kikundi cha wanawake kikija na andiko la kununua magitaa mawili, besi, kinanda, dramu na spika, ofisa amwambie mwenyekiti wao akarudi na wazo la maana? Bendi ni kikundi kwa asili yake, haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Vyombo vyake vyaweza kuandikwa, kukaguliwa na hata kukamatwa deni lisipolipwa, jambo ambalo kwa kuku waliokufa kwa kideri haliwezekani. Naomba muwaagize maafisa maendeleo ya jamii walihesabu ombi la namna hiyo kuwa ombi la biashara kama mengine, na maafisa utamaduni wawasaidie akina mama hao kujiandikisha Baraza la Sanaa la Taifa badala ya kuwaacha waulize njia.

Naomba pia, kwa kila halmashauri, shule moja ya sekondari, walau moja, ipewe seti moja ya vyombo, na jioni mbili katika juma zitengwe kwa wasichana peke yao. Maana jioni ikiwa ya wote, nimekwisha kueleza nani atafika kwanza. Walimu wapo: chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981, kimekuwa kikitoa wahitimu, na si wote waliopata kazi. Zipo vilevile nyumba salama, Butiama na kule Mugumu kwa jirani zetu wa Serengeti, ambamo wasichana hukimbilia Desemba wakiukimbia wembe wa ngariba. Humo hufundishwa kushona, na ni vyema, lakini binti aliyeacha ukoo wake usiku kwa miguu ana ya kusema yasiyotosha katika pindo la gauni, na gitaa moja katika nyumba ile halitaifilisi halmashauri yoyote.

Ama sherehe, hilo ni jepesi na sitalirefusha. Tarehe 13 Aprili na tarehe 14 Oktoba watu huja Butiama kutoka kila upande kumkumbuka Mwalimu, na katika siku hizo, kama katika siku ya wanawake na siku ya mtoto wa Afrika, akina mama huitwa waimbe wageni wakishuka garini, kisha hupewa soda. Watakapokuwako wapigaji, waandikiwe mkataba na walipwe kama anavyolipwa mwenye spika.

Najua kwamba barua hii itapita katika ofisi nyingi kabla haijafika mezani, na kwamba katika kikao cha robo mwaka magitaa hayawezi kutangulia mbele ya dawa za hospitali, wala sitaki yatangulie. Niko radhi yawekwe chini kabisa, penye mengineyo, saa ile ambapo wajumbe wamekwisha kuanza kukunja makaratasi. Ila mkiona yafaa kuniita mbele ya kamati, nitakuja na spika ndogo, na kabla ya kusema neno nitaomba dakika tano za Les Amazones de Guinée. Kisha mheshimiwa yeyote aniambie ni kipande gani cha muziki ule ambacho mabinti wa Musoma, Bunda na Butiama hawataweza kukipiga.

Wenu katika kuutumikia umma,

Mpenzi wa muziki, Musoma